Mnauliza, Tunajibu: Kuishi nyumbani na jeraha la uti wa mgongo

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu ambao ndugu yao ameanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, au amegongwa akiwa kwenye bodaboda, akalazwa wiki kadhaa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani na mpira wa mkojo, kiti mwendo na karatasi ya kliniki. Karatasi ile haielezi siku yenyewe: asubuhi inaanzaje, nani ashike nini, dalili ipi inaweza kusubiri na ipi ni ya kukimbizwa. Waandishi wengi ni wauguzaji, lakini tunaomba kila jibu lisomwe pamoja na mwenye jeraha. Mwili ni wake. Hata kama mikono haina nguvu, anaweza kuijua kila hatua kwa kichwa na kumwelekeza anayemsaidia.

SWALI: Mume wangu alitoka hospitali na mpira wa mkojo wa kukaa. Huu ni mwezi wa pili. Mkojo unanuka, una unga unga mweupe, na siku nyingine unapita pembeni ya mpira. Nimemnunulia antibayotiki mara tatu duka la dawa. Nesi mmoja ametuambia kuna njia ya kuingiza mpira na kuutoa kila baada ya saa chache. Si ndiyo tutazidi kumwingizia vijidudu? (Mke, Morogoro)

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Tuanze na mpira ulioko ndani. Ule wa kawaida, wa rangi ya manjano au kahawia, haufai kuzidi wiki 4 hivi. Wa silikoni, ule unaopitisha mwanga, unaweza kufika wiki 12. Huo unga mweupe ni chumvi za mkojo zinazoganda kwenye tundu. Tundu likiziba, mkojo hutafuta njia nyingine, nao hupita pembeni. Hali hiyo huletwa pia na kibofu kinachokaza ghafla, au na choo kigumu kilichojaa na kubana njia, kwa hiyo muulize alipata choo lini. Msiukate mpira wala kuuvuta: ndani kuna puto lililojazwa maji, mara nyingi mililita 10, na likivutwa likiwa limejaa linachana njia ya mkojo. Nendeni zahanati ubadilishwe wiki hii. Mkojo ukikoma kabisa kutoka, hiyo ni safari ya leo leo.

Mkiendelea na mpira wa kukaa, ufungeni kwa plasta kwenye paja la juu au tumbo la chini, uwe umelegea kidogo. Mpira unaoning'inia bila kufungwa huvuta kichwa cha uume siku baada ya siku mpaka ngozi inapasuka kwa chini, na mtu asiye na hisi hajui kinachoendelea. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na umwagwe ukifika theluthi mbili.

Kuhusu antibiotiki, tunakuomba uache kununua kwa kuangalia rangi na harufu. Kwa mtu mwenye mpira, vijidudu ndani ya mkojo ni jambo la kawaida, na kuvipiga dawa bila ugonjwa kunazaa vijidudu sugu ambavyo siku ya shida havitasikia dawa. Mkojo ukiwa mzito au unanuka tu, ongezeni maji na mwangalie siku moja au mbili. Kinachohitaji daktari ni homa, kutetemeka, damu, misuli kukaza kuliko kawaida, kuchoka kusikoeleweka, au kuvuja kulikoanza ghafla. Mkifika, ombeni mkojo uoteshwe maabara kabla ya dawa kuanza, na sampuli itoke kwenye mpira mpya. Mkojo uliolala ndani ya mfuko utatoa majibu ya mfuko.

Sasa njia aliyoitaja nesi. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Jack Lapides, alionyesha kwamba kwa kibofu kisichojimwaga, kumwaga mara kwa mara kwa mpira uliooshwa vizuri kunalinda kuliko kungoja vifaa visivyo na kijidudu hata kimoja. Sababu ni kwamba kibofu kilichojaa kupita kiasi kinavutika, damu haizunguki vizuri kwenye ukuta wake, na vijidudu vinapata pa kushika. Mkojo ukizidi unaweza kurudi hadi kwenye figo. Kwa hiyo hofu yako ya vijidudu ina msingi, ila kinachovilea zaidi ni mkojo uliolala. Daktari akikubali, ombeni nesi awafundishe kwa vitendo kabla hamjajaribu peke yenu.

Kwa mwanaume mzima mara nyingi hutumika mpira namba 12 au 14. Anayeingiza anaosha mikono kwa sabuni, kisha anaosha kichwa cha uume, akirudisha govi nyuma kama lipo. Anapaka jeli ya maji sentimita 15 hadi 20 za mwanzo, anainua uume kuelekea tumboni ili njia inyooke, na kusukuma polepole. Karibu na kibofu atahisi ukinzani: ni misuli ya mlango imebana. Hapo hasukumi kwa nguvu. Anatulia, mwenye mwili anavuta pumzi ndefu, kisha anaendelea taratibu. Mkojo ukianza kutoka, anaingiza sentimita 2 au 3 zaidi. Ukikoma, anavuta kidogo kidogo, akisimama kila unapodondoka tena, maana mabaki ya chini ndiyo yanayooza. Baada ya hapo govi lirudishwe mahali pake. Likiachwa nyuma linavimba na kukaba. Kwa mwanamke njia ni fupi, sentimita chache tu, na kioo kidogo kinasaidia mwanzoni.

Ratiba inayoshikika ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Pimeni kila mara kwa jagi lenye alama na mwandike. Kila safari isizidi mililita 500. Mkiona 600 au 700, sogezeni saa karibu au punguzeni kinywaji cha saa zile. Kwa siku anywe lita 1.5 hadi 2, nyingi zikiwa za kabla ya magharibi. Wengi hushangaa mkojo wa usiku kuwa mwingi ingawa mtu hakunywa. Ni maji yaliyoshuka miguuni mchana kutwa akiwa kwenye kiti. Akilala, yanarudi kwenye damu na figo zinayatoa. Alasiri alale kwa muda wa saa moja miguu ikiwa juu ya mito, na usiku utapungua.

Mpira unaorudiwa uoshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, usukumwe maji ndani kwa bomba la sindano, ukung'utwe, uanikwe hadi ukauke kabisa, kisha uwekwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Usilowekwe kwenye Dettol wala Jik, kwa kuwa mabaki yanaunguza njia ya mkojo. Ukiwa mgumu, ukififia au kupata nyufa, utupwe. Na ni wa mtu mmoja tu.

SWALI: Mwanangu ana miaka 22, aliumia mgongo wa katikati. Nimeona weusi kwenye kalio moja, hapajachubuka. Jirani ameleta tyubu ya gari akalie, mwingine anasema nimchue na mafuta ya nazi. Nifanye nini? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, umefanya vizuri kuona mapema. Tyubu iweke kando. Duara lake linabana ngozi pande zote na kuinyima damu ile ya katikati, ndipo kidonda kinapoanzia. Kuchua napo kunaharibu, kwa sababu chini ya weusi huo tayari kuna nyama iliyopondeka.

Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, kisha weka nyuma ya vidole vyako hapo na upande wa pili, ulinganishe: je, pana joto zaidi, pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tope? Mlaze asipalalie. Alama ikifutika ndani ya nusu saa, punguzeni muda wa kukaa na mtafute kilichobana. Isipofutika, kijana asikalie kalio hilo hata kidogo mpaka ngozi irudi kama ilivyokuwa, hata ikichukua wiki. Tunajua wiki ya kulala ni ngumu kwa kijana. Kidonda kikifika mfupani ni miezi, pengine na upasuaji.

Halafu mtafute sababu. Angalia suruali: mshono mnene wa jinzi, mfuko wa nyuma wenye simu au funguo. Angalia kama huwa anaburutwa juu ya shuka badala ya kuinuliwa, kwa kuwa ngozi inabaki nyuma na mfupa unatangulia. Angalia kama anakaa kwenye pampasi iliyolowa. Kisha pima mto wa kiti. Akae kama kawaida, wewe ingiza ncha za vidole, kiganja kikitazama juu, chini ya mfupa wa kalio, kati yake na mto. Ukiweza kuchezesha vidole juu na chini kama nusu sentimita au zaidi, mto unamlinda. Ukiwa huwezi kuvichezesha lakini vinatoka kirahisi, mto umeanza kuchoka. Vidole vikibanwa, mto huo haufai hata kwa leo. Pima makalio yote mawili, na urudie kila mwezi, kwa sababu sponji huonekana nzima kwa juu huku imekufa ndani. Mto wa sponji hukaa mwaka mmoja hivi, na joto na jasho la pwani hufupisha muda huo. Chunguza pia turubai la kiti: likilegea na kubonyea katikati, hata mto mzuri utakunjika.

Akiwa kwenye kiti, kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele kifua kikielekea mapajani, au aegemee upande mmoja kisha wa pili, na abaki hapo dakika 2. Kujinyanyua kwa mikono kwa sekunde chache hakutoshi damu kurudi, na kunachosha mabega ambayo sasa ndiyo miguu yake.

Kitandani, kanuni ya kugeuzwa kila baada ya saa 2 ilishikwa sana na Ludwig Guttmann, daktari aliyefungua kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati wagonjwa wengi wa aina hii walikuwa wakifa mapema kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Lakini mama, usiku kucha kila saa 2 si kifungo cha maisha. Ngozi ikishakuwa salama wiki kadhaa, ongezeni nusu saa. Asubuhi kagueni. Kama hakuna alama, baada ya siku chache ongezeni nusu nyingine. Wapo wanaofika saa 4 au zaidi, na nyumba nzima ikapata usingizi. Akilala ubavu, asilale wima juu ya mfupa wa nyonga. Aegemee nusu, mto ukiwa nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Kama kifua chake ni kizima, afundishwe kulala kifudifudi, aanze dakika 15, mto chini ya kifua na mwingine chini ya miundi ili vidole vya miguu visiguse godoro. Mkao huo unapumzisha makalio na kifandugu kwa pamoja, na kunyoosha nyonga zinazojikunja kwa kukaa.

Ngozi ikifunguka, safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa nusu lita. Usitumie spiriti wala majivu. Kidonda kikiwa na nyama nyeusi, shimo, harufu, au kijana akipata homa, apelekwe hospitali. Na ale mayai, maharage, dagaa: kidonda kinajengwa kwa vyakula hivyo.

SWALI: Kaka yangu alivunjika shingo. Mara mbili sasa kichwa kimemgonga ghafla, uso ukawa mwekundu, jasho likamtoka usoni na shingoni, nywele zikamsimama. Tulimlaza na kumpa panadoli. Ni malaria? (Mdogo wake, Kisumu)

JIBU: Jibu hili libandikwe ukutani. Mlichokifanya, kumlaza, ndicho kinachoongeza hatari.

Mtu aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu (kwa wengi ni yule ambaye hisi zimepotea kuanzia chembe cha moyo au juu yake) anaweza kupatwa na dharura ambayo madaktari huiita otonomiki disrefleksia. Kitu kinauma au kubana sehemu ya chini, mwili unajibu kwa kukaza mishipa ya damu, na ubongo hauwezi kupeleka amri ya kuilegeza kwa sababu njia imekatika. Presha inapanda kwa kasi. Ikiachwa inaweza kuleta kiharusi au kifo.

Mkalisheni wima saa hiyo hiyo, miguu ining'inie. Fungueni mkanda, viatu, soksi, na kamba ya mfuko wa mkojo. Kisha fuateni mpira wa mkojo kwa macho na vidole kutoka mwilini hadi kwenye mfuko: umekunjika, umelaliwa, mfuko umejaa? Unyoosheni, mwageni. Kama umeziba, ubadilishwe mara moja. Kama hana mpira wa kukaa, mwageni kibofu sasa, kwa jeli, na ikiwezekana jeli ya ganzi. Kibofu ndicho chanzo mara nyingi kuliko vyote. Kikiwa kitupu na hali haijatulia, fikirieni choo kilichokwama, lakini kuchokonoa bila jeli ya ganzi kunaweza kupandisha presha zaidi. Baada ya hapo kagueni ngozi, kucha iliyoota ndani, korodani zilizobanwa, kitu alichokikalia.

Kama mna kipimo, pimeni presha kila dakika 2 hadi 5. Mjue namba yake ya siku za kawaida, maana kwa walioumia shingo, namba ya juu ya presha mara nyingi ni 90 hadi 110. Kwake yeye, 140 ambayo mwingine angeiona ya wastani ni presha iliyopanda vibaya. Ikiwa chanzo hakionekani au hali haitulii haraka, hospitali, naye akae wima njia nzima. Andikeni maelezo haya kwenye karatasi atembee nayo, kwa sababu si kila mhudumu amewahi kukutana na hali hii, na dakika za kubishana hazipo.

SWALI: Choo kinatutesa. Siku nyingine saa mbili hatujapata kitu, halafu kinamtoka akiwa kanisani. Ameacha kutoka nyumbani. (Dada, Iringa)

JIBU: Utumbo wake haujui tena wakati, lakini unafundishika. Chagueni saa moja isiyobadilika, kila siku au siku moja baada ya nyingine, nusu saa baada ya chai au chakula cha moto, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mkubwa husukuma. Kama alizoea choo cha asubuhi kabla ya ajali, shikeni asubuhi.

Kwanza mjue utumbo wake ni wa aina gani. Mtaalamu atawaambia kwa kupima. Jeraha la juu ya kiuno mara nyingi huacha njia inayobana na kujibu ikiguswa. Huyo mnamsaidia hivi: akae kwenye kiti chenye tundu, au alale ubavu wa kushoto. Vaa glavu yenye jeli ya maji, kwani mafuta mazito kama Vaseline huilegeza glavu ya latex na kuipasua. Toa kwanza choo kilicho mlangoni. Ingiza kidole taratibu, kizungushe kwa upole kikigusa ukuta sekunde 15 hadi 20, kisha kitoe na usubiri. Rudia kila baada ya dakika 5 hadi 10. Ukitumia kidonge cha kuweka kwa njia ya haja kubwa, kiguse ukuta wa utumbo. Kikizama ndani ya choo hakitafanya kazi, na wengi hulaumu dawa kwa kosa hili. Ukizungusha kidole mara mbili bila kitu kutoka, amemaliza.

Jeraha la chini kabisa huacha njia iliyolegea isiyojibu mguso. Kwake kuzungusha kidole hakusaidii. Choo kinatolewa kwa kidole, kila siku au hata mara mbili, na chakula kilenge choo kigumu kiasi ili kisivuje.

Ratiba ipeni wiki 3 au 4, na msibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua kilichosaidia. Choo chepesi kinachovuja mara kwa mara baada ya siku nyingi bila choo mara nyingi si kuhara. Ni maji yanayopita kando ya mzigo uliokwama. Dawa ya kufunga kuharisha hapo ni hatari. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi wa kuchomelea atengeneze kiti cha chuma chenye tundu, kikae juu ya shimo, na kikalio kiwe na sponji iliyofunikwa reksini. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kina kingo zinazochana ngozi, na miguu yake huachana siku usiyoitarajia.

SWALI: Bibi anamkanda mjukuu miguu kwa maji ya moto kila jioni ili damu itembee. Kuna ubaya? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Upo. Ngozi isiyohisi haitasema inaungua, na mtaona malengelenge ndipo mjue. Bibi aendelee kumshika mjukuu, mguso wake una thamani, ila anyooshe viungo bila maji ya moto: kifundo, goti, nyonga, kila kimoja polepole, kikishikiliwa nusu dakika hivi. Mguu mmoja ukivimba ghafla au kupata joto kuliko mwenzake, msiuguse tena. Huenda ni damu iliyoganda, mpelekeni hospitali. Kikombe cha chai nacho kisiwekwe mapajani.

SWALI: Ninamhamisha mume wangu peke yangu kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Mgongo wangu umekwisha. (Mke, Mombasa)

JIBU: Dada, unambeba, na hukupaswa kumbeba. Kabla ya yote linganisha urefu: kitanda na kiti pamoja na mto wake viwe sawa, mara nyingi karibu sentimita 50. Kitanda kikiwa chini, fundi ainue miguu yake kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa vishimo, visiteleze.

Kama mikono yake ina nguvu, seremala awatengenezee ubao wa kutelezea: urefu sentimita 60 hadi 70, upana 20 hadi 25, ncha zikiwa zimechongwa nyembamba, upigwe msasa na vanishi hadi kitambaa kisinase. Kiti kiwe karibu kwa pembe, breki zote mbili zikazwe, mkono wa kiti wa upande wa kitanda utolewe, viatu viwe mguuni. Ncha moja ya ubao iingie chini ya paja, nyingine ifike kwenye mto. Anainama mbele na kusogea hatua kwa hatua. Usimfanye ateleze kwa ngozi tupu, itanasa.

Kama mikono haina nguvu, mlete hadi ukingoni, nyayo zake sakafuni. Zuia magoti yake kwa magoti yako. Mwinamishe mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, shika kwa nyuma kwenye mkanda mpana au kanga iliyofungwa kiunoni, yeye ahesabu hadi 3, kisha egemea nyuma na mzunguke pamoja. Akiinama vizuri makalio yananyanyuka yenyewe. Usimvute kwa makwapa wala mikono: bega lililolegea huchomoka, na hatalisikia ipasavyo. Mumeo akiwa mzito kuliko uwezo wako, hiyo ni kazi ya watu wawili kila siku, na kuomba msaada wa mtu wa pili si uvivu.

SWALI: Mimi ndiye niliyeumia, nina miaka 34. Mama ananiogesha, mke ananitoa choo. Mke wangu amekuwa nesi, mimi nimekuwa mtoto. Tunagombana kila siku. (Kaka, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu yetu, ugomvi wenu una chanzo kinachoshikika. Saa zako zote ziko mikononi mwa watu wawili, na hakuna aliyeketi kuzigawa. Chukua daftari. Andika kila kazi ya siku kwa saa yake: kukagua ngozi, mkojo, choo, kuoga, kuvaa, kugeuzwa. Mbele ya kila moja andika kama unaifanya mwenyewe, unaweza kujifunza, au lazima usaidiwe. Wengi wenye mikono mizima hugundua kwamba mkojo, nusu ya kuoga na kukagua ngozi kwa kioo cha mkono wanaweza wenyewe. Anza na mkojo. Hakuna kinachorudisha heshima ya mtu haraka kama kushika mpira wake mwenyewe.

Kinachobaki kigawe kwa watu zaidi ya wawili. Kijana wa mtaani aliyefundishwa vizuri, akilipwa kwa saa mbili za asubuhi, anaweza kushika choo na kuoga. Kazi ya choo ndiyo ya kwanza tunayoshauri itoke mikononi mwa mke, pale uwezo unaporuhusu. Wewe ndiye umfundishe huyo kijana, kwa maneno yako, mbele ya mama, ili naye asikie sauti yako ikiongoza. Na mkeo apate siku moja ya wiki ambayo hakuna anayemwita, ijulikane kwa ndugu wote, bila kuombwa upya kila mara.

Tendo la ndoa halijafungwa. Wengi hupata nguvu kwa kuguswa hata kama haiji kwa kufikiri, na zipo dawa, ila zitoke kwa daktari anayejua presha yako na dawa nyingine unazotumia. Mwaga kibofu kabla, tandika taulo, na mweke saa iliyo mbali na saa ya uuguzi. Mke aliyevua glavu dakika tano zilizopita hawezi kuwa mpenzi papo hapo, na wewe pia huwezi. Ongeeni hili wawili, mlango ukiwa umefungwa, mama akiwa hayupo.

SWALI: Niliumia kifua cha juu miaka mitatu iliyopita. Hedhi imerudi. Naweza kuzaa? (Dada, Arusha)

JIBU: Unaweza. Jeraha halifungi kizazi cha mwanamke. Hedhi husimama miezi kadhaa tu kisha hurudi, na mimba inaweza kuingia hata kabla hujaiona ya kwanza. Mwambie daktari mapema unapopanga, apitie dawa zako. Mimba italeta mkojo wa mara kwa mara zaidi, uzito mpya juu ya makalio, na mto uliokutosha mwanzo huenda usitoshe mwezi wa saba, kwa hiyo pima kwa vidole kama tulivyomweleza mama wa Tanga. Unaweza usihisi uchungu kama wengine, basi jifunze kupapasa tumbo likikaza, na panga kujifungulia hospitali kubwa yenye mtaalamu wa ganzi. Kwa jeraha la juu kama lako, uchungu wenyewe unaweza kuamsha ile dharura ya presha tuliyomwandikia ndugu wa Kisumu, nayo inafanana sana na kifafa cha mimba. Ile karatasi ya maelezo iwe ya kwanza kuingia kwenye begi la kujifungulia, na uwape wakunga waisome ukiwa bado unaweza kujieleza.